Madame wa Ghorofa ya Tatu

Darasa la Kasoki lilikuwa na mwanafunzi mmoja, lakini kengele haikukosa. Kila asubuhi, katika nyumba yao ya ghorofa ya tatu pale Jette, ughaibuni, Kasoki alichukua mwiko wa chuma akagonga kifuniko cha sufuria, na jirani wa chini akajua siku imeanza. Mignonne, binti yake wa miaka tisa, alitoka chumbani amevaa blauzi nyeupe na sketi ya buluu, akasimama wima mbele ya meza ya sebuleni.

"Bonjour, Madame."

"Bonjour, Mignonne. Ikaa."

Usicheke, msomaji. Kule Butembo alikokulia Kasoki, mtoto wa mwalimu hana mzazi darasani. Baba yake alikuwa mkuu wa shule ya msingi, naye Kasoki alisoma hapo hapo. Kengele ikishalia alimwita Monsieur le directeur kama wenzake, na akikosea alipigishwa magoti kama wenzake, pengine zaidi yao, watu wasije wakasema kuna upendeleo. Basi na yeye alipotaka kuwa mwalimu wa kweli, alivua kitenge, akavaa viatu vya kisigino, akawa Madame. Kitenge kilining'inia nyuma ya mlango wa jikoni hadi saa sita mchana, na mama mtu akaning'inia nacho.

Hakumtoa mtoto shule kwa kiburi. Nyumbani Mignonne alikuwa chiriku, haishi maneno, lakini darasani sauti ilimkauka. Wenzake wakamcheka. Akaanza kuumwa tumbo kila Jumatatu, baadaye kila siku ya Mungu, na daktari hakuona ugonjwa. Kasoki na mumewe Bertin, anayehudumia wagonjwa hospitalini, waliomba Mungu, wakauliza kwa wanaojua, wakaambiwa sheria inamruhusu mzazi kusomesha mtoto wake nyumbani, mradi wakaguzi wapime kiwango chake. Wakafanya hivyo. Mwanzoni walisoma kitandani, wamejifunika blanketi moja, na tumbo likapona.

Kisha mkaguzi akaja. Mignonne aliinamisha kichwa, akanyamaza mwanzo hadi mwisho. Bwana yule hakuwa mkali. Alisema kwa upole kwamba atarudi baridi ikiisha, na kama mtoto bado hawezi kuonyesha anachokijua, itabidi arudi shule.

Toka siku hiyo Kasoki alikosa raha. Kila akifumba macho alimwona Mignonne amejikunja, ameshika tumbo lake. Ndipo blanketi likakunjwa, na sare, ubao, viatu vya kisigino na kifuniko cha sufuria vikaingia.

Maman Rolande wa mtaa wa Auderghem, aliyesomesha watoto wake wote nyumbani hadi wakaota ndevu, alisikia habari za kengele. Jumapili moja baada ya ibada alimvuta Kasoki pembeni.

"Maman Mignonne, uliondosha mutoto ku masomo, bon. Alafu ukaleta masomo yote mu salon yako. Sasa ulifanya nini?"

"Nataka azoee, Maman. Inspecteur atarudia."

"Sikia. Asubuhi musome kidogo, muombe kidogo, mutoto asichoke na Mungu pia. Calcul, ile hesabu, mufanyie ku cuisine. Mercredi umulete, tuende ku forêt, kule mu miti, na benzake, asikuwe peke yake. Na ukiona hasira inakuya, funga kitabu, mupike beignets, maandazi yetu. Kitabu haikimbie."

"Merci, Maman," alijibu Kasoki, jibu la mtu ambaye hajasikia. Moyoni alisema huyu Mungu alimpa watoto wepesi, atajua nini? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ikaja Jumanne moja ya mvua. Ubaoni kulikuwa na hesabu za sehemu, nusu na robo. Mignonne aliziangalia kama mtu anayeangalia ukuta. Kasoki akaeleza, akaeleza tena, sauti ikaanza kupanda. Chaki ikamkatikia mkononi. Mtoto akanyosha kidole.

"Madame, naomba permission."

"Ya kwenda wapi?"

"Ku cuisine. Nataka kuona maman."

Kasoki alisimama na kipande chake cha chaki. Jibu la baba yake lilikuwa tayari mdomoni: darasa halijaisha. Alilimeza. Akaenda jikoni, akavua viatu, akajifunga kitenge, akangoja. Hodi ikapigwa. Mlango wa jikoni, ambao mtoto huyu alizoea kuusukuma kwa goti, leo aliubishia hodi.

"Ingia, mutoto wangu."

Mignonne aliingia mbio, akaficha uso kwenye kitenge.

"Maman, fractions siielewe. Hata kidogo. Lakini usiambie Madame."

"Juu ya nini nisimuambie?"

"Juu Madame iko anaogopa sana. Nikikosea, mikono yake inatetemeka."

Hapo Kasoki alilia, tena hakujificha. Alikumbuka miaka yote ile ya Butembo, akisikilizia kengele ya mwisho ili arudishiwe baba yake. Kuna siku homa ilimshika darasani, meno yakigongana, na baba yuko hatua chache mbele yake ubaoni, naye hakunyosha kidole. Hakujua kama kuna ruhusa ya namna hiyo. Mtoto wake ameijua peke yake, na ameiomba.

Alijifuta macho, akavunja mayai, akakaanga kimanda kipana cha duara, akampa mtoto kisu.

"Kata mu deux, vipande mbili. Iyi ni nini?"

"Un demi. Nusu."

"Kata tena kila kimoja."

"Un quart, un quart, un quart, un quart."

"Sasa papa akikula deux quarts?"

Mignonne alifikiri. "Amekula un demi. Na atasema hajashiba."

Wakacheka mpaka kimanda kikapoa.

Siku hiyo kifuniko kilirudi kwenye sufuria yake. Meza ya sebuleni iliachiwa Bertin na magazeti yake, masomo yakahamia jikoni, penye joto na harufu ya vitunguu. Sala ikawa fupi, wakapokezana. Jumatano wakaenda msituni na Maman Rolande, ambaye kwa ungwana wake hakusema "nilikuambia", ingawa uso wake wote ulikuwa unasema. Huko Mignonne akapata rafiki, msichana wa kupanda miti, na siku moja Kasoki akamsikia binti yake akimpigia kelele mwenzake, akamshukuru Mungu kwa zile kelele. Si kwamba hasira ilihama. Siku nyingine Kasoki alisikia sauti yake ikipanda, akafunga kitabu kwa kishindo, akaweka mafuta jikoni. Majira yale walikula beignets nyingi.

Baridi ikaisha, mkaguzi akarudi. Walimketisha sebuleni kama mgeni wa heshima. Akauliza swali la kwanza. Mignonne akainamisha kichwa. Kasoki akawaza: ndiyo basi, tumbo litarudi, machozi ya Jumatatu yatarudi.

Halafu mtoto akanyosha kidole. Kwa Kifaransa chake kizuri, kwa sauti ndogo, akamwomba Monsieur ruhusa: je, wanaweza kwenda jikoni?

Mkaguzi alimtazama Kasoki, akatazama kile kidole kilichokuwa bado hewani. Akachukua mkoba wake, akafuata.

Jikoni Mignonne alisoma maelezo nyuma ya pakiti ya unga, akayaeleza kwa maneno yake. Akakata mkate nusu, robo, robo tatu, akasema robo ngapi zimebaki na ngapi zimeliwa. Mara moja alikosea, akasimama, akarekebisha mwenyewe. Sauti haikuwa kubwa, lakini ilikuwa sauti. Kasoki alibaki mlangoni, mikono ameificha ndani ya kitenge, maana ilikuwa inatetemeka na hakutaka mtu aione.

"Inatosha," alisema mkaguzi, akitabasamu. "Ataendelea hapa hapa nyumbani." Kisha, akifunga mkoba, akamuuliza mtoto, "Na mwalimu wako ni nani?"

"Zamani alikuwa Madame," alijibu Mignonne. "Sasa ni maman."

"Ah. Na Madame alikwenda wapi?"

Mtoto alimtupia mama yake jicho, akafikiri.

"Alikuwa anaogopa sana, monsieur. Tukampa ruhusa apumzike."

Kasoki aliwapa mgongo, akajifanya anatafuta kifuniko cha sufuria.