Hotuba ya kutia moyo

Jumamosi mchana, katika ukumbi wa parokia hapa Kalemie, binti mmoja alitualika kuona filamu yake ya kwanza. Ni ya dakika tisa, juu ya mama zetu wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mkubwa mmoja akasimama kwanza ili amtie moyo. Akasalimia wakubwa wote kwa vyeo vyao, hata wasiokuja.

"Papa, mufupishe, umeme utaenda," mama mmoja akasema.

"Mama, muvumilie. Vijana njo kesho yetu."

Umeme wetu, unaotoka mtambo wa Bendera, haukuvumilia, ukakatika. Madirisha yalikuwa yamefunikwa kwa ajili ya filamu; yeye akaendelea gizani mpaka mwisho.

Filamu hatukuiona. Nikamwendea binti kumpa pole, nikamkuta anafunga kamera.

"Hotuba yote nimeirekodi, Papa. Hii njo filamu yangu ya pili."

Nilikuwa na neno la kumtia moyo. Nikalimeza.