Kona ya Mama Koleo

Kwa miaka ishirini na tisa Mama Koleo alikuwa fundi wa nyaya wa hospitali, na jina alilipata kwa lile koleo lisilobanduka kiunoni mwake. Simu ikikoroma wodini, aliitwa yeye. Aliamini jambo moja: shaba haimwangushi anayeijua.

Ila shaba ilikuwa imeanza kumwangusha. Picha za eksirei zilitakiwa kumfikia daktari wa mifupa kwenye jengo la pili, mita mia tatu. Waya wa mtandao wa shaba huchoka ukizidi mita mia moja, kwa hiyo Mama Koleo alikuwa ameweka visanduku viwili njiani vya kuusukuma, na bado picha zilitambaa kama konokono mjamzito. Radi ilipovikaanga visanduku vyote, mganga mkuu akaagiza faiba. Na fundi aliyeletwa, kama nuksi vile, alikuwa mkwewe, mume wa bintiye.

"Shikamoo, mama," kijana alisema, macho chini.

"Marahaba. Ndio huo uzi wenyewe? Nilidhani umekuja kushona mapazia."

Mkwe akacheka kwa adabu. Akaeleza kwamba ndani mna kioo chembamba kama unywele, kinachopitisha mwanga badala ya umeme. Radi haina habari nacho, na mita mia tatu kwake ni kama kuvuka uani. Mama Koleo alisikiliza huku akijikuna sikio. Kisha akasema yeye si mgeni wa kukaa bure, akachukua nyundo na kuifunga kebo ukutani kwa mikono yake. Kwenye kona ya korido akaikunja mraba, safi kabisa, kama alivyokunja shaba maisha yake yote.

Mkwe akaunganisha ncha. Wakawasha. Picha haikufika.

Akatoa kurunzi ndogo ya mwanga mwekundu, akaichomeka kwenye ncha ya kebo. "Kama pana jeraha, mama, mwanga utavujia hapo." Akatangulia kuufuata ukuta. Alipofika kwenye kona alisimama ghafla, akageuka, akaegemea.

"Vipi?" Mama Koleo aliuliza.

"Hamna kitu. Nadhani nimekosea mimi, kule kwenye maungio. Nenda ukapumzike tu, mama, nitarudia."

"Na huo ukuta unauegemea wa nini?"

"Mgongo, mama. Unauma."

"Unauma au unawaka? Maana naona wekundu begani."

Kijana hakuwa na jinsi, akasogea. Kona ya mraba ilikuwa inang'aa kama kaa la moto. Mama Koleo akaikodolea macho, uso umemshuka.

"Kioo hakikunjwi, siyo?"

"Kinazungushwa taratibu, mama. Ningekwambia mapema, lakini..."

"Lakini mimi ni mkweo. Haya, kata. Nifundishe."

Akakata palipopasuka, akaunganisha upya, naye Mama Koleo akaizungusha kebo kwa upole, kona ya mviringo kama kiwiko cha mtoto. Picha ya goti la mgonjwa ikafika papo hapo, na daktari akapiga simu kuuliza kama mashine imeharibika, mbona inawahi hivyo.

"Simu za shaba zinabaki," Mama Koleo alitangaza. "Umeme ukikatika, visanduku vyenu vya faiba vinalala. Simu yangu inakula umeme unaokuja na waya wake kutoka kituo cha simu, inalia tu."

"Hapo ni kweli, mama," mkwe alisema, na safari hii haikuwa adabu tu.

Jioni Mama Koleo alipitia kwa bintiye. "Mumeo hajui kabisa kudanganya," alimwambia, huku akivua viatu. "Mshukuru Mungu."