Msasa na Milango ya Mtaa wa Juu

Fundi rangi mmoja wa Mtaa wa Chini aliitwa Msasa, na jina hilo hakulipata kwa kubahatisha. Mafundi wengine wakipewa ukuta huuliza unataka rangi gani. Yeye aliuliza kama iliyopo imeshika. Akiona imebabuka hata kiasi cha ukucha, basi, ukuta mzima utakwanguliwa, upigwe msasa mpaka apitishe kiganja amefumba macho na asihisi kitu. Kupaka rangi juu ya rangi mbovu, alisema, ni kumvika marehemu koti. Hata mama mkwe wake alimwita Msasa, na mama mkwe hamtanii mkwewe hivihivi.

Alikuwa na mke mwepesi wa kucheka, mtoto mchanga wa kiume, na binti wa miaka mitano waliyembandika jina la Redio, kwa kuwa akiamka amejiwasha na hazimi mpaka usingizi umchukue. Redio alihesabu hadi mia akiwa na miaka minne, hakufundishwa na mtu, alijifunzia kwenye misumari ya baba yake. Msasa mwenyewe aliishia darasa la tatu. Alichokitaka duniani ni kimoja tu: huyu mtoto asome mpaka achoke mwenyewe. Shule nzuri iliyokuwa karibu ilitaka mtihani wa kuingilia, na tarehe yake Msasa aliiandika kwa penseli ukutani.

Sasa sikilizeni mji unavyowapenda watu wake. Kule juu kuna nyumba kubwa za kizamani. Wakubwa wa mji wakagundua kuwa rangi ya enzi hizo ina madini ya risasi, sumu inayokula akili za watoto. Mtaa wa Juu ukaandikiwa barua, ukaitiwa mkutano, ukaletewa mafundi wenye barakoa. Milango na madirisha yote yakang'olewa, yakawekwa mapya. Mtaa wa Chini haukuletewa hata salamu. Ile milango ya zamani, ya mbao ngumu ambazo siku hizi hazipatikani, ikarundikwa kando ya barabara. Kwenda kuitupa kwenye shimo la sumu kulitaka kibali na foleni. Mkandarasi wa kazi hiyo, mtu wa tabasamu, akamwita Msasa, aliyekuwa akimpakia kuta za ndani, akamwambia achukue yote, ni zawadi, mbao hizo zitamzika yeye na wajukuu wake. Habari ya sumu hakuitamka. Alijua, mlaaniwa yule, alijua vizuri sana.

Msasa aliisomba siku mbili kwa mkokoteni. Kwa roho yake njema akamgawia na jirani yake, aliyeitwa Taratibu, mtu ambaye hata kupiga chafya huahirisha. Taratibu akaipachika milango yake kama ilivyo, akaimwagia rangi mpya nzito juu ya ile ya zamani, ikachuruzika mpaka chini, akaenda kulala. Msasa akaja kuiona. Akamwambia mbele ya watu kwamba uvivu wake utawaponza wanawe. Watu wakaangua kicheko, na Taratibu akacheka nao.

Msasa yeye hakuwa mtu wa kulipua kazi. Mvua zilikuwa zinanyesha, kwa hiyo akaiingiza milango chumbani, akaikwangua na kuipiga msasa mkavu kila jioni akitoka kazini, majuma matatu mfululizo. Vumbi likatua kwenye mito, kwenye vikombe, kwenye nywele. Mke akalifagia, likapaa, likatua tena. Redio alikaa miguuni pa baba yake akihesabu matabaka ya rangi, akiokota magamba na kuyalamba. Alimwambia mama yake yana utamu. Wakacheka. Mtoto huonja kila kitu, jamani, nani angejua?

Milango ilipokamilika, mtaa mzima ulikuja kuitazama. Haki ya Mungu, ilipendeza.

Miezi ikapita. Redio akaanza kulalamikia tumbo. Akawa mkali, akamng'ata mdogo wake. Akawa analitafuta neno, halipati, analia. Mama mkwe akasema ni deko, Msasa akasema ndiyo kukua. Siku ya mtihani mwalimu alimwomba mtoto ahesabu. Akafika kumi na mbili, akasimama, akaanza upya. Akafika tena kumi na mbili. Baba yake alikuwa kizingitini amevaa shati lake la harusi, midomo ikimcheza yenyewe: kumi na tatu, mwanangu, kumi na tatu. Mwalimu akafunga daftari polepole, akasema wampeleke akapimwe damu.

Kule zahanati, nesi aliyasoma majibu mara mbili, kisha akauliza baba anafanya kazi gani. Msasa akaeleza, tena kwa fahari kidogo, jinsi anavyoziandaa mbao zake. Nesi akaacha kuandika. Akamweleza habari ya risasi na vumbi lake, na kwamba katika njia zote za kuishughulikia rangi ile, msasa mkavu ndio mbaya kuliko zote. Ingefunikwa tu kwa rangi nyingine na kuachwa, isingemdhuru mtu kiasi hiki.

"Dada, akili yake itarudi?"

"Tutazuia isizidi kuharibika, baba. Iliyokwisha kuharibika, hapana. Na huyo mdogo mlete kesho."

Mdogo naye alikutwa nayo. Watoto wa Taratibu walipimwa wote wanne, wakaonekana wazima.

Taratibu alikuja kutoa pole. Si mtu mbaya. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akakosa pa kuiweka mikono, kisha akasema, "Mimi nilikusudia kuipiga msasa, jirani. Maneno yako yaliniuma. Hata msasa nilinunua, upo bado kwenye karatasi yake. Siku tu hazikutosha."

Msasa akamshukuru kwa kuja.

Alipoondoka, mke aliendelea kuosha vikombe. Alikuwa ameshaviosha mara mbili siku ile. Akasema bila kugeuka:

"Baba watoto, unajua huyu ndiye aliyetangulia kunichumbia?"

Msasa alikuwa hajui.

"Baba yangu alimkataa kwa uvivu. Akasema nisubiri mwanamume anayejua kazi." Akakisuuza kikombe, akakiinamisha pembeni. "Na mimi nikamshukuru. Miaka minane yote hii, nilikuwa namshukuru."