Makaa Ndani ya Matete

Kazi yangu hapa Likasi ni kupiga picha za harusi na za komunyo ya kwanza. Nyota nilizipiga kwa ajili yangu mwenyewe. Mjini taa hufuta nusu ya anga, kwa hiyo msimu mmoja wa baridi nilikwenda kulala kwa mama mudogo, mdogo wake mama yangu, anayeuza samaki wakavu kando ya ziwa Tshangalele.

Usiku ule hapakuwa na mwezi. Nilisimamisha kamera kwenye matope juu ya miguu yake mitatu, nikaielekeza ng'ambo, nikaacha lensi wazi kwa muda ili ikusanye mwanga. Mama mudogo alikuja amejifunga vitenge viwili.

"Papa yako hajarudi," alisema. Mume wake alikuwa ameingia ziwani tangu mchana kutoa nyavu.

"Atakuja, mama."

"Ile mashini yako iko inaona mbali. Angalia."

Nilimweleza kwamba kamera haioni mbali, inakaa tu ikitazama. Hata hivyo nilimwonyesha picha niliyotoka kupiga. Nyota zilikuwa zimejaa juu ya maji. Chini yake, kwenye matete, palikuwa na doa jekundu. Mimi nililiona kama kasoro, nikawa tayari nafikiria namna ya kulifuta. Yeye aliweka kidole juu ya kioo.

"Ile si nyota. Ni mbabula yake."

Wakati wa baridi wavuvi wa pale hubeba mbabula, jiko la makaa, ndani ya mtumbwi. Nilitazama upande ule kwa macho nikaona giza tupu. Nikapiga tena. Doa lilikuwa palepale.

Aliwaamsha majirani, wakaingia na mitumbwi miwili. Mimi nilibaki ukingoni nikiwaelekeza kwa tochi. Walimkuta amelala chali kwenye mtumbwi ulionasa, anatetemeka kwa homa, hana nguvu hata ya kuita. Asubuhi alipelekwa zahanati kwa pikipiki. Ilikuwa malaria. Alipona, akarudi majini.

Baadaye alikuja mjini kuiona ile picha.

"Miye niko wapi hapa?"

Nikamwonyesha doa.

"Kadogo hivi?"

Alicheka, kisha akaomba nimpige nyingine, mchana, akiwa na koti. Hiyo ndiyo mama mudogo aliyoitundika sebuleni. Ile ya nyota hakuitaka.