Lile la Moyo

Katika maktaba ya chuo cha uuguzi, mkutubi, Mama Majarida, hakutaka kelele hata ya chafya. Daktari mmoja mzee aliwahi kutolewa nje kwa kucheka tu.

Kilichomkera zaidi ni wasomaji waliotafuta makala mtandaoni, wakabonyeza, wakakuta mlango umefungwa: lipia kwanza. Kumbe maktaba ilikuwa imeshalilipia jarida lenye makala hiyohiyo! "Mnakufa kiu na mtungi umejaa ndani!" aliwafokea.

Asubuhi hiyo shemeji yake, fundi wa kompyuta, alimaliza kuyaunganisha majarida ya mtandaoni na orodha ya maktaba.

"Haya shemeji, bonyeza."

Akabonyeza. Kioo kikajibu: Jarida halipo.

"Halipo vipi, na mimi mwenyewe ndiye niliyeliingiza?"

Shemeji akachungulia orodha, akaziba mdomo asicheke. Mama Majarida alikuwa ameliandika jarida la magonjwa ya moyo kama wasomaji wanavyoliita: Lile la Moyo.

"Shemeji, kompyuta haijui majina yetu ya utani. Ipe namba ya jarida, ile iliyo kwenye jalada."

Akaiandika, akabonyeza tena. Makala ikafunguka yote, na picha zake, bila kuombwa hata senti.

Mama Majarida akaruka, akapiga kigelegele cha harusi nzima, palepale chini ya kibao alichokiandika kwa mkono wake: KIMYA.

Kule dirishani, daktari yule mzee akainua kichwa, akaweka kidole mdomoni.

"Mama," akanong'ona kwa raha zake zote, "nje."