Boti Sebuleni

Jirani yangu, fundi viatu, ana mikono migumu kama soli, lakini akiigusa boti yake ndogo utadhani anamwogesha mtoto mchanga. Kimbunga kilipotangazwa, aliyatoa makochi nje barazani, akaiingiza boti sebuleni na kuifunga kamba kwenye nondo za dirisha, kila fundo akilivuta mara tatu.

"Na mimi utanifunga wapi?" mkewe akamuuliza. Akavuta fundo jingine.

Adhuhuri maji yakaingia ndani, yakafika magotini. Ndipo akambeba mama mkwe wake aliyeishi nao, ambaye alikuwa hajasalimiana naye mwaka mzima, akamlaza botini na kumfunika turubai. Bibi akachungulia. "Mkwe, humu kunanuka samaki!"

"Shikamoo, mama," akasema, akaendelea kuishikilia boti isiyumbe mpaka upepo ulipotulia.