Bunduki ya Jumamosi

Jumatano ya juzi nilijikuta ndani ya duka la bunduki hapa Lewisville, mkoba nimeubana kwapani, na kijana wa kaunta ananisomea sifa za darubini. Binti yangu ametimiza miaka kumi na miwili. Amejiunga na kikundi cha vijana cha kulenga shabaha, na mwalimu wao amesema mzazi mwenye uwezo amtafutie mwanawe bunduki ya kujifunzia. Kijana alianza na za bei nafuu, akapanda, akapanda tena, mpaka tukafika kwenye dude jeusi lenye miguu miwili na begi lake. Nikamwambia ahsante, turudi kule tulikoanzia.

Akampa mtoto bunduki ndogo ya kitako cha mbao, tupu, mtutu ukiangalia ukutani. Binti akaiweka bega la kulia, akasita, akaihamishia la kushoto, akanigeukia. "Mama, nai-hold upande gani?"

Nikaangua kicheko, kijana wa watu akadhani namcheka yeye. Kaa kitako nikuhadithie, maana swali hilo hilo liliwahi kutunyima raha nyumbani kwetu kwa majuma mawili.

Mimi nimekulia Stafford, ubavuni mwa Houston, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili yenye zulia la rangi ya chai. Tulikuwa wanne: baba, mama, bibi mzaa baba aliyetufuata kutoka Unguja, na mimi. Mama alikuwa muuguzi, zamu zake zikiangukia wikiendi. Baba aliendesha lori. Jumatatu alfajiri anaondoka, Ijumaa jioni anarudi, anaoga, anakula, analala. Jumamosi alikuwa wangu kama hakuna mzigo, na mzigo ulikuwepo karibu kila mara, kwa sababu simu ya kampuni ikilia baba alikuwa hajui kukataa. Nilikuwa naichukia ile simu kama watoto wengine wanavyochukia sindano.

Sasa nikwambie jambo ambalo wakati ule sikumwambia mtu. Sikuwa na haja yoyote na bunduki. Mwalimu wetu wa sayansi aligawa karatasi za kikundi cha shabaha, na macho yangu yakaganda kwenye mstari mmoja tu: kila Jumamosi asubuhi, mtoto afuatane na mzazi. Nikaikunja ile karatasi nikaiweka chini ya kikombe cha baba. Alipoisoma, uso ulimchangamka, kwani utotoni alikuwa bingwa wa manati mtaa mzima, kwa maneno yake mwenyewe.

Bibi ndiye aliyekuwa kikwazo. "Bunduki? Kwenye nyumba ninayoswalia?" Alikuwa amewahi kuzisikia usichana wake kisiwani, na hakupenda kuzungumza habari zake. Baba akakaa chini mbele yake, akamweleza kwamba hii ni ya kutoboa karatasi, hailengwi mtu wala ndege. Bibi akafikiri siku tatu nzima, kisha akatoa masharti. Bunduki ikae kwenye kabati la chuma chumbani kwa baba. Risasi zikae kwenye sanduku jingine, na ufunguo wa sanduku hilo ataufunga yeye kwenye pindo la kanga yake. Hakuna aliyebisha.

Duka tulilokwenda lilikuwa la mzee mmoja wa Kiteksasi mwenye suruali ya mikanda ya mabegani, mtu wa maneno machache. Baba alichagua bunduki kama anavyochagua samaki. Alichungulia mtutu kwenye mwanga, akapitisha kidole, akanusa, akarudisha, akaomba nyingine, akauliza bei, akashika kichwa. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mzee yule, kumbe, alikuwa anafurahi. Akaja upande wetu wa kaunta akatupa somo ambalo nalikumbuka mpaka leo. Chukueni ya risasi ndogo kabisa, alisema, maana zinauzwa rahisi na hazimpigi mtoto teke begani. Mtoto akiogopa teke hufumba macho, na akifumba macho hajifunzi kitu. Chukueni ya kukoki kwa mkono, risasi moja moja, ili kila moja aione thamani yake. Darubini aachane nayo kwanza. Na mtakachookoa kwenye bei, nunulieni risasi, kwa sababu hizo ndizo zinazofundisha.

Kisha akatuletea kutoka chumba cha nyuma bunduki ya mtumba, kitako kifupi, na juu yake mchubuko mrefu kama paka kakwaruza. Kipini cha kukokia kilikuwa upande wa kulia. Nikaiweka bega la kulia, ikanikaa sawasawa. Baba akapatana bei mpaka mzee akaongeza na chupa ya mafuta.

Uwanja wa shabaha ulikuwa nje ya mji upande wa magharibi, kupita mashamba ya mpunga. Bibi aliposikia kuna mpunga akalegea kidogo. Alikuwa akitufungia maandazi ya iliki kwenye kopo la aiskrimu, na chai ya tangawizi kwenye chupa, na kila Jumamosi anafungua pindo, anahesabu risasi kwa macho, anafunga tena. Kule joto lilikuwa la kukaushia samaki. Nyenze walilia mitini, tumevaa viziba masikio, miwani imeteleza jasho puani, na harufu ya baruti inakaa kwenye nguo mpaka zifuliwe. Tukirudi jioni tunaisafisha bunduki kwenye meza ya jikoni, juu ya gazeti. Bibi alitukatia vipande vidogo vya kanga yake kuukuu iliyochoka, nyekundu na nyeusi, tuvipitishe ndani ya mtutu. Vikiingia vyekundu vinatoka na masizi.

Nilikuwa na raha, isipokuwa kwa jambo moja. Nilikuwa sipati shabaha.

Kikundi kilikuwa na mtihani kabla shule hazijafunguliwa: risasi tano mfululizo ndani ya duara la ukubwa wa mdomo wa kikombe cha chai, umekaa kwenye benchi, shabaha iko mita ishirini na tano. Asiyepita hapandi daraja, anasubiri mwaka mzima. Na ile kampuni ya baba ilikuwa imeshamwita, inamtaka achukue safari ya kila Jumamosi, ya kudumu. Baba akaniambia garini, macho barabarani, "Nimewaambia nitajibu baada ya mtihani wako. Ukipita, nawakatalia. Usipopita, bunduki tunairudisha kwa mzee, nami nachukua mzigo." Hakusema kwa ukali. Lakini mimi nilisikia kwamba Jumamosi zangu zote zimewekwa ndani ya kile kiduara, na risasi zangu zilikuwa zinatawanyika kila pembe ya karatasi.

Mwalimu wetu wa shabaha, mama wa makamo mwenye kofia ya majani, alinitazama Jumamosi mbili. Ya tatu akaniambia nikutanishe viganja, niache kitundu katikati, nilitazame tangi la maji kule mbali kupitia kitundu hicho, halafu nifumbe jicho moja moja. Nilipofumba la kushoto, tangi likapotea. Akapiga makofi. "Jicho lako lenye nguvu ni la kushoto," akasema. "Hamia bega la kushoto, mkono wa kushoto uwe kwenye kifyatulio, utaona maajabu."

Nikakataa. Nilikataa kwa adabu, lakini nilikataa, na yule mama hakuelewa hata kidogo. Baba alikuwa anatazama viatu vyake.

Wewe unajua, sina haja ya kukueleza. Nilizaliwa na mashoto, na bibi aliyawahi mapema. Kijiko kikihamia mkono wa kushoto, kidole chake kinagonga meza mara moja, basi. Kupokea kitu, kutoa kitu, kula, kuamkia, kuandika, yote kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto una kazi yake inayojulikana. Nilikuwa nimezoea mpaka nimesahau kwamba kuna mkono mwingine. Kwenda kuukamatia bunduki mbele za watu niliona kama kuvua nguo.

Isitoshe, baba alipita kwa mzee wa duka kuulizia bunduki ya watu wa mashoto, ile yenye kipini upande wa kushoto. Zilikuwa za kuagiza, mpya, na bei yake ilimfanya arudi mikono mitupu. Kwa hiyo kwa majuma mawili tukaendelea vile vile, bega la kulia, risasi zikienda zinakotaka. Dereva anayeshusha lori kwenye milima ya theluji alikuwa anaogopa kumtamkia mamake neno kushoto. Na mimi nilikuwa mwoga kumshinda.

Maandazi ndiyo yaliyotusaliti. Ijumaa moja kabla ya mtihani bibi alikuwa anakanda unga, mimi namchekechea, akaniuliza mbona kopo la Jumamosi iliyopita lilirudi na maandazi yote. Nikasema nilishiba. "We mtoto, kwa chakula gani?" Machozi yakanitoka pale pale juu ya chekeche. Nikamweleza yote, jicho, bega, mkono, mzigo wa baba, na mwisho likanitoka hata lile ambalo sikuwahi kulisema, kwamba mimi naitaka Jumamosi tu.

Bibi akanawa mikono taratibu, akajifuta, akamwita baba. "Lete hiyo bunduki yenu."

Baba akaileta, akaifungua akamwonesha kwamba ni tupu, akaiweka mezani. Bibi hakuigusa.

"Risasi inaingia wapi?"

"Hapa, mama. Unavuta kipini, unaitia hapa, unafunga."

"Hebu akae kama anapiga. Kwa huko kushoto."

Nikakaa. Nikaiegemeza kwenye mfuko wa unga, bega la kushoto, mkono wa kushoto kwenye kifyatulio, uso unaniwaka. Mkono wa kulia ukabaki hauna kazi, na kipini kiko pale pale karibu nao. Nikakivuta, nikajifanya natia risasi, nikafunga. Mkono wa kushoto haukuondoka mahali pake.

Bibi akatazama, akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Basi mnalia nini?" akasema. "Nimekufundisha kulisha na kula kwa mkono wa kulia. Si ndivyo unavyoilisha? Kwani hiyo bunduki mnaila? Huo mwingine unafinya tu, acha ufinye." Kisha akamgeukia baba. "Na wewe mtu mzima mwenye ndevu, umeshindwa kuniuliza?"

Baba alicheka mpaka akatafuta kiti. Ile bunduki ya mtumba, ya mkono wa kulia, tuliyoinunua kwa sababu ya bei, ilikuwa imenifaa mimi wa mashoto tangu siku ya kwanza, maana kwenye benchi mkono mmoja unalisha na mwingine unapiga. Mzee wa duka alipopelekewa habari, nasikia alisema yeye alidhani tunajua.

Siku ya mtihani nilipiga risasi tano. Nne ziliingia bila maneno. Ya tano iligusa mstari, na mwalimu akaleta kioo cha kukuzia, akainama, akainuka, akainama tena. Sijawahi kuuona mgongo wa mtu ukichukua muda mrefu hivyo. Akainuka akasema imo. Baba hakunipongeza. Alitoka hadi kwenye gari, akachukua simu, nami nikamsikia akiwaambia kampuni kwamba Jumamosi ana kazi nyingine. Tukala maandazi yote yaliyokuwa kwenye kopo. Bibi alipotupokea mlangoni alilitikisa lile kopo kwanza, akaridhika, ndipo akauliza habari za mtihani.

Miaka sita tulikwenda, Jumamosi kwa Jumamosi. Sikuwa bingwa, usije ukadhani.

Basi, pale Lewisville sikununua kitu. Mimi siku hizi ni mfamasia hospitalini, na Jumamosi zangu nimezigawa kwa zamu muda mrefu sasa, lakini Jumamosi iliyofuata niliomba ruhusa, tukashuka mimi na binti yangu mpaka Stafford kwa baba kuifuata ile bunduki ya zamani, mwendo wa saa nne na ushei. Njiani nikapita makusudi palipokuwa na uwanja wetu. Hakuna mpunga, hakuna benchi, kuna maghala meupe yaliyopangana hadi upeo wa macho. Duka la mzee linauza magodoro. Bibi tulimzika kulekule Houston, na tangu aondoke sijala andazi lenye iliki ya kutosha.

Baba ana mvi kichwa kizima. Alikwenda chumbani akarudi na bunduki, mchubuko wake ule ule, inang'aa mafuta. Akamwambia mjukuu akutanishe viganja, atazame taa ya barabarani kupitia kitundu. Jicho la kulia. "Huyu hana matatizo," akasema, na nadhani alisikitika kidogo. Akafungua kopo la vifaa vya kusafishia, na ndani yake vilikuwemo vipande vinne vya kanga, vyekundu, ambavyo havijatumika. Nilivishika mkononi, nikavikunja kimoja kimoja, nikavirudisha.

Kisha nikamwambia, "Baba, tuichukue basi, tusije tukachelewa njiani."

Akaifuta, akairudisha kwenye kabati, akafunga. "Itakaa hapa."

"Lakini baba, huyu ndiye anayejifunza."

"Huko kwenye kikundi chao si wanazo za kuazima? Ya kwake iko hapa. Akiitaka, mlete aipige."

"Ni mwendo wa saa nne, baba."

"Najua. Mimi ni dereva."

Nilimtazama, naye akawa anatazama viatu vyake kama zamani, na nikautambua ule ujanja. Ulikuwa wangu. Niliubuni mimi, kwa karatasi iliyokunjwa chini ya kikombe.

Jumatatu asubuhi nikamwendea msimamizi wetu wa zamu. Nikamwambia anitafutie mtu, Jumamosi nina kazi nyingine.